Tajiri, Gari Lako Nati Ngapi?

Jirani, sogea kidogo hapo kwenye benchi, mgongo unaniuma. Usiulize kwa nini. Au uliza tu, maana hata usipouliza nitasema.

Mimi nina gari la spoti. Usicheke. Toyota Celica, jekundu, milango miwili, lile toleo la mwisho lililoanza 1999 likakoma 2006. Langu la 2002. Nililinunua kwa jamaa aliyekuwa anahamia mkoani, akaniambia anauza kwa sababu kule barabara zitalivunja. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza: kama kule zitalivunja, hizi za kwetu huku Goba zitalibembeleza? Sikujiuliza. Mimi nilikuwa naangalia rangi.

Mama watoto alipoliona alilizunguka mara moja, akauliza swali moja tu.

"Watoto wanaingilia wapi?"

Tunao watatu.

Fundi naye siku ya kwanza alifungua boneti, akainama, akainuka anatabasamu. "Mkubwa, hii si 1ZZ? Hii injini ya Wish." Nikamwambia funga boneti. Ni kweli bwana, Celica zipo zenye injini kali ya farasi 190, lakini yangu ni ile ya kawaida, injini ya 1800 ileile iliyomo kwenye Wish na Premio. Kwa hiyo nina gari la spoti lenye moyo wa mama wa nyumbani. Hiyo siri tulikuwa tunaijua mimi na fundi. Sasa unaijua na wewe.

Lakini kilichoniponza si injini. Injini haionekani. Kilichoniponza ni miguu.

Gari lilikuja na rimu za chuma za inchi 15, nyeusi, zimeshaanza kutu, zimefunikwa wilikapu za plastiki. Wilikapu zenyewe tatu. Ya nne iliruka pale Mwenge ikamkosa muuza karanga kidogo tu, na hizo zilizobaki nikazifunga kwa waya. Sasa kila nikipaki hapa kibandani, vijana wa bodaboda wanaanza kuangalia kuanzia juu. "Duh, chuma hicho!" Macho yanashuka. Yanashuka. Yanafika kwenye matairi. Kimya. Siku moja mmoja akamaliza kabisa: "Mzee kavaa suti na yeboyebo."

Walicheka mpaka wa mwisho akaangusha chipsi. Na mimi nikacheka, nikazuga nakuna shingo. Usiku sikulala.

Mwezi ule ilikuwa zamu yangu ya kupokea mchezo wa ofisini. Laki tisa. Mama watoto anajua nilipokea. Nilichozifanyia, alijua baadaye, kama wewe.

Nikapanda daladala mpaka Ilala, mitaa ile ya spea. Jirani, kama hujawahi kuona rimu zimepangwa ukutani kuanzia chini mpaka dari, nenda kaone. Zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Nikasimama mlangoni mdomo wazi. Kijana wa duka akanipima kwa jicho moja, akajua kila kitu.

"Karibu tajiri."

Mimi nikiitwa tajiri huwa nalegea. Nikaingia.

"Gari gani tajiri?"

"Spoti."

"Spoti gani?"

"Celica."

"Safi. Nati ngapi?"

Hapo nikakwama. Hebu na wewe sema ukweli, unajua gari la shemeji yako lina nati ngapi? Hakuna anayejua. Mtu anajua namba ya kiatu chake, anajua kola ya shati lake, nati za gari lake hajui. Nikatoka nje nikapiga simu nyumbani.

"Mama watoto, hebu nenda kwenye gari uhesabu nati za tairi."

"Nini?"

"Nati. Zile za katikati. Angalia tairi lisilo na kifuniko."

Nikasikia mlango. Nikasikia kuku wanafukuzwa. Kimya kirefu.

"Nne. Na tundu moja halina kitu."

Basi tano. Nikarudi dukani kifua mbele. "Tano!" Moyoni nikawa najiuliza ni tangu lini natembea Bagamoyo Road na nati nne mbele kushoto.

"PCD je?" Nikadhani ni chama kipya cha siasa. Nikatingisha kichwa kama mtu anayefikiri.

"Ofseti?"

Nikamwambia hapana, sichapishi kadi, nataka rimu tu.

Kijana akaniangalia. Nilimwona kabisa anaamua. Akasema, "Sawa tajiri. Wewe chagua unayoipenda." Jirani, mwenye duka akikwambia chagua unayoipenda, ujue ameshakukatia tamaa. Nikachagua kwa macho. Inchi 17, spoku tano pana, rangi ya fedha. Nati tano, rimu ya nati tano. Kuna nini tena? Laki sita zikatoka. Nikapakia rimu nne kwenye bajaji, hakuna nafasi, moja nimeipakata kama mtoto anayepelekwa chanjo. Dereva wa bajaji akaniuliza naenda kuuza wapi.

Nyumbani fundi akaja na jeki. Akatoa tairi, akainua rimu mpya, akaipeleka kwenye habu. Stadi moja ikaingia. Zilizobaki zikagoma. Akazungusha. Akaingiza nyingine, ile ya kwanza ikatoka. Mimi nikamwambia sukuma. Akasema, "Mkubwa, hii haisukumwi."

Sasa hapa ndipo aliponifundisha mtoto niliyemzaa mwenyewe. Binti yangu yuko kidato cha pili. Alikuwa kaegemea ukuta anakula embe. Akaingia ndani, akatoka na rula. Akapima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya jirani yake: milimita 58 na ushee, karibu 59. Akapima matundu ya rimu vilevile: 67. Akaandika kwenye mkono. Akasema baba, matundu matano yako kwenye duara, na hakuna tundu linalotazamana na mwenzake, kwa hiyo huwezi kupima moja kwa moja kuvuka katikati. Unapima ya jirani na jirani, unazidisha kwa 1.7. Gari lako ni duara la milimita 100, hiyo ndiyo PCD. Rimu ulizonunua ni 114.3.

"Nukta tatu ya nini?" nikauliza, maana ndiyo sehemu pekee niliyokuwa na ujasiri wa kubishia.

"Ni inchi nne na nusu, baba. Zidisha kwa 25.4."

Nikazidisha. Ni kweli. Watu walipima kwa inchi, wengine wakaja kupima kwa milimita, na katikati ya hao wawili nimesimama mimi na laki sita zangu.

Fundi ndipo akafunguka, kwa kuwa mafundi wetu ukishakosea ndiyo wanakumbuka wanachojua. Kumbe mitaani tuna makabila. Vitz na IST zile za kwanza ni nati nne, duara la 100. Wish, Premio na Allion za miaka ile ni nati tano, 100. Altezza, Mark II, Noah, Harrier, nati tano, 114.3. Zote Toyota! Zote baba mmoja! Ukiziangalia kwa macho nati tano na nati tano ni ndugu, kumbe hazisalimiani. Mimi nilikuwa nimenunua viatu vya Altezza.

"Lakini usijali," akasema fundi. "Tunaweza kuchonga matundu yawe marefu kidogo."

Nakwambia ukweli jirani, mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Binti akasema, "Baba. Hapana." Kwa sauti ya mama yake kabisa. Na fundi akatazama chini, akajua ameongea ujinga, maana nati ikikaa kwenye tundu lililochongwa kama bakuli la uji haibani kitu, na rimu itakuaga ukiwa mwendo.

Nikarudi Ilala. Bajaji ileile. Rimu zilezile. Dereva akaniambia pole, biashara ngumu.

Dukani siitwi tena tajiri. Sasa ni mzee. "Mzee, mali ikitoka hairudi, soma hapo." Imeandikwa ukutani kweli, kwa marka pen, nyuma ya rimu nilizochagua. Nikabembeleza. Nikataja watoto. Mwishowe akakubali kubadilisha, niongeze cha juu. Akaleta rimu za inchi 18, nyeusi, mdomo unang'aa, zina matundu kumi. Kumi! Matano ya duara la 100, matano ya 114.3. Rimu ya watu wote, kama ndala za chooni. Na zimeshavaa matairi, mtumba wa Japani, 225/40R18. Laki tatu zilizobaki zikaenda, na elfu hamsini nikaandikwa deni.

Kwa ndani zimechorwa maandishi. 18x8.5J ET20. Nikasoma kwa sauti: "Eti ishirini." Kijana akasema ndiyo, eti ishirini. Nikauliza eti nini? Akasema eti, ofseti. Nikanyamaza, maana nilishakula hasara ya nauli, muda na heshima, sikutaka kuonekana mjinga mara ya pili kwa siku moja. Akaniuliza pia kama nachukua pete. Nikamwambia mimi ninayo moja, inatosha.

Jirani, zilipofungwa! Wacha nikae vizuri nikuhadithie hapa, maana raha yangu yote kwenye habari hii ilidumu kama dakika ishirini. Gari liliota miguu. Matairi yamejaa, yamechomoza kwenye fenda kama kifua cha jogoo. Nikaja hapa kibandani kwa mwendo wa bi harusi. Vijana wakaanza juu, "duh, chuma," macho yakashuka, yakafika chini, yakabaki. "Aaaah mzee! Mzee umeua!" Mmoja akapiga picha. Muuza chipsi akaniongezea mayai bila kuulizwa. Palepale akapita mtu wa vyuma chakavu na toroli lake. Nikasema mwanangu, kuna rimu kule kwangu zimechoka, njoo uchukue na matairi yake yote. Akazipima kwa kilo. Nilipata hela ya soda tatu na salio. Kumbuka hapo. Niliziuza zile za chuma.

Nikaondoka. Kona ya kwanza: krrrrr.

Nikadhani ni redio. Nikazima redio. Kona ya pili: krrrrr. Nikirudi nyuma kutoka kwenye maegesho, krrr. Nikipanda tuta, kok! Na huku kwetu kati ya kwangu na lami kuna matuta kumi na moja, nimeshayahesabu, nayajua kwa majina.

Binti akaniketisha tena. Akachora kwenye daftari. Eti, akasema, ni umbali kati ya mstari wa katikati wa upana wa rimu na ule uso unaobanana na habu. Ufupisho wa Kijerumani. Ukiwa mkubwa, tairi linaingia ndani. Ukiwa mdogo, tairi linatoka nje. Zile zako za chuma zilikuwa upana inchi 6 na nusu, eti 39. Hizi upana 8 na nusu, eti 20. Kwa hiyo mdomo wa nje umesogea nje milimita 44, na wa ndani umesogea ndani milimita 6.

"Umetoka na umeingia?"

"Ndiyo baba. Vyote viwili."

Sentimita nne nukta nne nje ya gari. Ndiyo maana limekuwa zuri. Uzuri wote niliosifiwa hapa kibandani ni huo huo unaokwangua fenda.

Jumapili mama mkwe akatutembelea, ikabidi nimrudishe Mbagala. Mama wa watu ana mwili, Mungu amjalie. Milango miwili, unajua, lazima kiti cha mbele kikunjwe mtu apite. Mama watoto kakalia cha mbele, hakutaka kukipisha, nafikiri alikuwa na jambo lake. Basi mama mkwe akaingia nyuma kwa awamu. Kwanza mguu. Tukasubiri. Kisha mkoba. Kisha akageuka, akaingia kinyumenyume huku anasoma dua. Mimi nimeshika mlango natazama mawingu. Alipokaa, gari likashuka nyuma, tairi likagusa fenda hata hatujawasha injini.

Njia nzima: krrr, krrr, kok.

"Baba," akasema mama mkwe kwa upole sana, "gari lako linakoroma."

"Ni la spoti, mama."

"Ahaa."

Hiyo "ahaa" bado ninayo mpaka leo.

Tena yako mengine. Ukifika mwendo wa 80 usukani unaanza kutetemeka, mikono inakufa ganzi kama umeshika jenereta. Nikaenda kubalansi matairi, wakabalansi. Unatetemeka. Nikaenda kwenye alaimenti, wakanyoosha. Unatetemeka. Fundi ndipo akauliza, mkubwa, hukuwekewa pete? Kumbe bwana, tundu kubwa la katikati ya rimu linatakiwa kukalia habu sawasawa, ndilo linaloliweka tairi katikati. Habu ya gari langu ni milimita 54.1. Tundu la rimu hizi 73.1, limeachwa kubwa makusudi ili litoshe magari mengi. Milimita 19 za hewa tupu. Unatakiwa kuchomeka pete ya plastiki au alumini kuziba ile nafasi. Ndiyo pete niliyoulizwa dukani! Na mimi nikajibu kama mtu anayetongozwa.

Na trafiki. Sijakwambia ya trafiki. Nashuka zangu barabara ya lami, kibao kinasema 50, mshale wangu uko 50 kamili, sijazidisha hata unywele. Afande akanyoosha mkono. Nimepigwa tochi. Hamsini na mbili.

Sasa mimi kwa kuwa nimeshasoma, nikataka kuonyesha. Nikamwambia afande, si kosa langu, ni mzingo. Tairi la zamani lilikuwa 195/60R15, kimo chake milimita 615. Hili la sasa ni 637. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko linakula barabara ndefu zaidi, mshale haujui, mshale unahesabu mizunguko tu. Asilimia tatu na nusu, afande. Mshale wangu ukisema 50, kumbe niko karibu 52.

Afande akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Akasema, "Kwa hiyo unakiri."

Akaandika. Nikachukua karatasi yangu, nikawasha gari, nikaondoka taratibu kwa adabu zote, nikakanyaga kidimbwi. Jirani, tairi likiwa ndani ya fenda, fenda inazuia matope. Likiwa nje sentimita nne, hakuna cha kuzuia. Na unajua trafiki wetu wanavaa rangi gani. Kwenye kioo niliona mtu mweupe akigeuka wa madoa. Sikusimama. Mpaka leo barabara ile napita na daladala, nakaa dirisha la upande wa pili.

Fundi akasema dawa ipo. Turoli fenda. Ule ukingo wa ndani wa fenda, ule unaokata tairi, unakunjwa juu kuelekea ndani, nafasi inapatikana. Watu wenye vifaa wana mashine yake, inafungwa kwenye habu, ina gurudumu linalosukuma ukingo polepole, na rangi inapashwa moto kwanza isipasuke.

"Na sisi?"

Fundi akaangaza macho uani. Yakatua kwenye kinu.

"Mchi," akasema.

Mama watoto alikuwa sokoni. Nilihesabu: kwenda dakika ishirini, kubishana bei ya nyanya arobaini, kurudi ishirini. Nikautoa mchi. Mchi wa mninga ule, alipewa na bibi yake, umeng'aa kwa kutwanga vizazi viwili. Fundi akamwagia fenda birika la maji ya moto, maji yangu ya chai. Akauchomeka mchi kati ya tairi na fenda, akaukandamiza kwa kifua, akaniambia sukuma gari taratibu. Ndiyo huo mgongo ninaoulalamikia hapa. Nikasukuma. Mchi ukaviringika, fenda ikalia kama mlango wa jela. Ukingo ukaanza kukunjika, kweli nakwambia, ukakunjika. Fundi akapiga kelele, "Endelea, endelea!" Nikaendelea. Halafu rangi ikasema paa! Ikaruka vipande vipande, vyekundu, kama maganda ya kucha. Vingine vikazama kwenye mchi.

Tukafanya fenda zote nne. Mbili zikatoka sawa. Mbili zikatoka kama sikio la mwanamasumbwi. Mchi nikauosha kwa sabuni ya unga, nikaufuta, nikaurudisha ndani ya kinu ukiwa umesimama vilevile ulivyokuwa, dakika tano kabla mama watoto hajaingia na nyanya.

Ikakwangua kidogo kuliko mwanzo. Wiki nzima nilikuwa na amani. Kisha mvua ikanyesha.

Kwenye mvua shimo linafanana na barabara, unalijua hilo. Nikaliingia, mbele kushoto, upande uleule wa nati nne. Sasa tairi la zamani lilikuwa na ukuta wa mpira wa milimita 117 kutoka rimu mpaka chini. Hili jipya ni 90, hiyo ndiyo maana ya ile 40 yao, asilimia 40 ya upana wa 225. Niliposikia kishindo nilifikiri nimegongwa. Nikashuka na mwavuli. Rimu imepinda mdomo kama mtu aliyelamba ndimu, na upepo unatoka, ssssss, bila haraka, kama unaniambia jambo.

Kijana wa pancha akalibonyeza tairi akasema mzee hili nene kama chapati. Yule wa kunyoosha rimu akaigonga, akaisikiliza kama daktari, akasema ina ufa, nikiinyoosha itakupasukia mbele ya safari. Spea je? Nikamwambia sina rimu ya spea inayofanana. Na zile za zamani ziko wapi? Nikatazama mvua.

Gari likakaa juu ya matofali wiki tatu. Kuku wakahamia chini yake.

Aliyeniokoa ni mzee wa nyumba ya tatu, yule mstaafu mwenye Wish ya fedha. Alikuja na kibakuli chake cha kahawa, akachungulia chini, akauliza, "Kijana, hilo si nati tano, mia?" Kwa utulivu kabisa. Mtu wa miaka sabini anajua. Anazo rimu za Wish za zamani, inchi 15, amezirundika nyuma ya banda, matairi yake bado yana meno. Tukazileta kwa toroli. Fundi akainua ya kwanza. Stadi tano zikaingia kwa mpigo, na tundu la katikati likakalia habu likasema tk. Milimita 54.1 kwa 54.1. Hakuna pete, hakuna mchi, hakuna rula. Fundi akanitazama kwa jicho la siku ile ya boneti. Injini ya Wish, miguu ya Wish.

Nikaendesha. Kimya. Hakuna krrr. Naingia shimo, natoka shimo. Binti tu ndiye aliyeharibu, akasoma ubavu wa tairi, 195/65R15, akapiga hesabu kwenye mkono. "Baba, kimo ni 634. Zile za 18 zilikuwa 637." Kwa hiyo tochi bado inanidai, iko palepale.

Vijana wa hapa wameshaniona, usihangaike kunificha. Jana mmoja kauliza, "Mzee, Wish yako siku hizi inatoka na milango miwili?" Na zile za inchi 18, tatu nzima na moja kilema, ziko barazani. Mama watoto kapanda mchicha kwenye moja. Umestawi.

Na mgongo huu, na deni la elfu hamsini. Basi nikajua yameisha. Lakini jana Jumapili, tumekaa mezani, wali na kisamvu cha nazi, mama watoto kakitwanga mwenyewe asubuhi, nimemsikia kwa masikio yangu, ndu, ndu, ndu. Nachota kijiko cha tatu, naona ndani ya kisamvu kitu kidogo, kinang'aa, chekundu. Nikakisogeza pembeni ya sahani. Naona kingine.

"Umeweka pilipili leo?" nikauliza, sauti ya kawaida kabisa.

Mama watoto akaacha kula.

"Sijaweka pilipili."